Tuangalie mkojo wa mfugo kabla ya kununua sindano

Sisi tunaonunua nyama katika soko la Mudaka tunayajua mafigo. La mbuzi ni laini, lina umbo la haragi. La ng'ombe lina mafundo mafundo. Lakini kazi yao ni moja: kuchuja damu usiku na mchana, kurudisha mwilini kilicho chema na kutoa uchafu pamoja na mkojo. Ng'ombe mkubwa anaweza kutoa lita 10 hadi 20 za mkojo kwa siku. Zote zinamwagika zizini, na ni wachache wanaoziangalia.

Kwetu Kabare, ng'ombe ni mahari, ni maziwa, ni minervali ya watoto. Mbuzi ni deni la AVEC linalolipwa kwa wakati. Kwa hiyo mfugo akiugua tunaogopa, na wengi tunakimbilia sindano ya kwanza tunayoiona sokoni. Juma hili tunaomba jambo moja: tuangalie mkojo kwanza.

Kuupata si vigumu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, simama kando ya ng'ombe jike, mpapase polepole chini ya uke kwa majani makavu. Mara nyingi atakojoa. Mbuzi umngojee asubuhi anapoinuka. Kinga mkojo katika chupa safi inayoonyesha ndani.

Mkojo wa ng'ombe mzima ni wa manjano hafifu. Ukiwa mwekundu, iache chupa itulie kwa saa moja. Kama wekundu unashuka chini na juu panabaki peupe, ni damu yenyewe: huenda kuna jeraha au mawe katika njia ya mkojo, au ng'ombe amekula jimbi la mlimani kwa muda mrefu. Kama rangi inabaki sawa toka juu hadi chini, chembe za damu zinapasuka ndani ya mwili, na hapo tunafikiria kupe.

Jambo hilo lina historia. Mwaka 1888 Victor Babeş wa Romania alichunguza damu ya ng'ombe waliokuwa wakikojoa mkojo mwekundu, akaona vijidudu ndani ya chembe za damu. Mwaka 1893 Theobald Smith na Fred Kilborne wa Marekani walionyesha kwamba kupe ndiye anayepeleka ugonjwa huo toka ng'ombe mmoja hadi mwingine. Unaitwa babesiozi. Dawa yake ipo, lakini si ile ya minyoo wala ile ya kuhara. Mkojo umeonyesha njia, mganga wa mifugo atahakikisha kwa kupima damu.

Yeye pia ana vijikaratasi vya kuchovya, vyenye miraba inayobadilika rangi. Ng'ombe aliyezaa majuzi, anayekataa chakula na kupunguza maziwa, anaweza kuonyesha ketoni: mwili wake unachoma mafuta yake mwenyewe kwa kukosa nguvu. Tukumbuke kwamba vijikaratasi hivyo vingi vimetengenezwa kwa watu. Mkojo wa mla majani kwa kawaida hauna uchachu kama wetu, na mraba wa protini unaweza kudanganya. Asome anayejua mifugo.

Mbuzi dume anayejikamua na kutoa matone tu, huku akipiga tumbo kwa miguu, asingoje kesho. Mara nyingi mawe yameziba njia, hasa kwa mbuzi anayekula pumba nyingi na kunywa maji kidogo. Kibofu kinaweza kupasuka. Maji safi kila siku na majani mengi kuliko pumba ndiyo kinga yake.

Tuwe waangalifu na sindano zenyewe. Gentamisini, na oksitetrasiklini ikizidi kipimo, zinaweza kuharibu mafigo, zaidi kwa mfugo aliyekaukiwa na maji. Ubaya ni kwamba mafigo hayalalamiki mapema. Theluthi mbili za nguvu zao zinaweza kwisha ndipo mkojo uanze kuwa kama maji matupu.

La mwisho linatugusa sisi wenyewe. Kuna ugonjwa uitwao leptospirozi. Vijidudu vyake vinakaa katika mafigo ya ng'ombe, mbuzi, nguruwe, mbwa na panya, vinatoka na mkojo, na kumwingia mtu kwa kidonda au macho. Ng'ombe anaweza kutoa mimba bila kuonekana mgonjwa. Mtu anapata homa, maumivu ya kichwa na misuli, pengine macho ya manjano, na wengi wanadhani ni malaria. Anayekamua au kufagia zizi avae buti, afunike vidonda, anawe kwa sabuni. Watoto wasicheze katika matope ya zizi wakati wa mvua. Ukifika kituo cha afya na homa, mwambie muuguzi kwamba unachunga mifugo.

Basi, kila nyumba yenye mfugo itafute chupa moja, iandikwe YA MIFUGO, iwekwe mbali na jiko na watoto. Mganga akija, mwonyeshe mkojo wa siku hiyo, mweleze ulianza lini kubadilika na ni dawa gani mfugo amekwisha kupewa.