Pikipiki inapoegeshwa kwa miezi: Namna ya kulinda kabureta na tangi nchini Malawi

Pikipiki iliyoegeshwa ikiwa nzima inaweza kukataa kuwaka miezi mitatu baadaye, ingawa hakuna aliyeigusa. Mara nyingi injini haina hitilafu yoyote. Kilichoharibika ni petroli iliyoachwa ndani yake.

Nchini Kanada au Ujerumani, waendesha pikipiki wengi hulifahamu jambo hili kutokana na majira ya baridi. Theluji inapokaribia, huandaa mfumo wa mafuta, hufunika chombo na kusubiri hadi hali ya hewa ibadilike. Katika mtaa wa Area 23 mjini Lilongwe, na katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka yaliyo wilayani Dowa, takribani kilomita 45 kutoka mji mkuu huo, theluji haijulikani. Huko pikipiki za abiria, ambazo Wamalawi huziita kabaza, huegeshwa kwa sababu nyingine: petroli imekosekana vituoni, mvua zimeharibu njia, fedha za spea hazijapatikana, au mwenyewe amelazimika kuhama. Hata hivyo, madhara yanayotokea ndani ya kabureta na tangi ni yale yale.

Kwa nini jambo hili ni zito Malawi

Malawi haina pwani ya bahari. Petroli yake huagizwa kutoka nje, hushushwa katika bandari za Tanzania na Msumbiji, kisha husafirishwa mwendo mrefu hadi nchini. Hulipiwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zinapoadimika, vituo hukauka. Foleni ndefu zilishuhudiwa mwaka 2011, na tangu mwaka 2022 zimerejea mara kwa mara. Dereva asiyejua lini atapata lita nyingine hujikuta ameiegesha pikipiki kwa wiki kadhaa bila kuwa amepanga kufanya hivyo.

Kwa wakazi wa Dzaleka hasara huwa kubwa zaidi. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipowahi kuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Hastings Kamuzu Banda. Iliandaliwa kwa ajili ya watu wapatao 10,000 hadi 12,000, lakini sasa ina zaidi ya watu 50,000, wengi wao wakiwa wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 ikiwa imeweka pingamizi kwa baadhi ya vipengele, vikiwemo vya ajira na uhuru wa kutembea. Mwezi Mei 2023, serikali ilianza kutekeleza kwa nguvu agizo la kuwarejesha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini. Kwa familia isiyoweza kuajiriwa kwa uhuru, pikipiki moja ni mtaji mzima, na kabureta iliyoziba inaweza kumaanisha wiki nyingine bila kipato.

Petroli huharibikaje?

Petroli ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, baadhi nyepesi na nyingine nzito. Zile nyepesi ndizo husaidia injini kuwaka upesi, lakini ndizo pia hutangulia kuyeyuka na kupotea hewani. Kinachobaki hukutana na oksijeni na polepole hugeuka kuwa utomvu unaonata, kisha ukoko mgumu wa rangi ya kahawia.

Mchakato huo huenda kasi zaidi ndani ya kabureta kuliko ndani ya tangi. Chini ya kabureta kuna kikombe kidogo chenye mafuta machache tu, tena kilicho wazi kwa hewa. Kutoka hapo petroli hupita kwenye matundu membamba ambayo mafundi huyaita jeti. Katika pikipiki ndogo, jeti inayolisha injini ikiwa imesimama huwa na tundu lisilofikia hata nusu milimita. Chembe ya utomvu isiyoonekana kwa urahisi inatosha kuliziba. Ndiyo maana pikipiki huwaka kwa shida, kisha huzimika mara dereva anapoachia mafuta.

Ethanoli na unyevu

Malawi ina jambo jingine la kuzingatia. Tangu mwaka 1982 nchi hiyo imekuwa ikichanganya petroli na ethanoli inayotengenezwa kutokana na molasi ya miwa. Kiwanda cha kwanza kilijengwa Dwangwa, wilayani Nkhotakota, na cha pili kilianza kazi Chikwawa, kusini mwa nchi, mwaka 2004. Mpango huo umepunguza kiasi cha petroli inayoagizwa kutoka nje, na kwa pikipiki inayotembea kila siku mchanganyiko huo hauna tatizo kubwa.

Tatizo hujitokeza pikipiki inaposimama. Ethanoli huvuta unyevu. Katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, hewa ya Lilongwe hujaa mvuke. Mwezi Juni na Julai usiku huwa baridi, na matone huweza kujitokeza kwenye kuta za ndani za tangi lililo nusu tupu. Maji yakizidi kiwango ambacho petroli inaweza kukibeba, hujitenga pamoja na ethanoli na kuzama chini ya tangi, mahali hasa ambapo koki huchota mafuta. Hapo ndipo kutu huanzia.

Hatua za kuchukua kabla ya kuegesha

Vitabu vingi vya maelekezo ya watengenezaji hushauri kabureta imwagwe mafuta ikiwa pikipiki haitatumika kwa zaidi ya mwezi mmoja. Kazi hiyo huchukua dakika chache na huhitaji bisibisi na chombo cha kukingia.

Kwanza, injini iwashwe ipate joto. Kisha koki ya mafuta chini ya tangi ifungwe, na injini iachwe iendelee kunguruma hadi izimike yenyewe. Kazi hii ifanyike nje, kwa kuwa moshi wa injini ndani ya chumba huua.

Pili, injini ipoe kabisa. Injini kuzimika hakumaanishi kwamba kabureta imekauka, kwani mafuta kidogo hubaki chini ya usawa wa jeti. Skrubu iliyo chini ya kikombe cha kabureta ilegezwe, mafuta yaliyobaki yakingwe, kisha skrubu ikazwe tena bila kutumia nguvu nyingi.

Tatu, kifuniko cha tangi kikaguliwe. Kama mpira wake umepasuka, maji ya mvua yatapita. Pikipiki isimame palipo na paa, huku turubai ikiacha upenyo wa hewa chini.

Pikipiki mpya zinazopuliza mafuta kwa mfumo wa kielektroniki hazina kabureta ya kumwaga. Pampu yake mara nyingi huzama ndani ya tangi, na kwa hizo ni bora kufuata kitabu cha mtengenezaji.

Tangi lijazwe au liachwe tupu?

Katika nchi za baridi, ushauri wa kawaida ni kulijaza tangi petroli mpya yenye dawa ya kuihifadhi. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa, hivyo unyevu hauingii kwa wingi. Lakini kujaza tangi petroli ambayo mtu ameipangia foleni, kisha kuiacha isimame, ni gharama ambayo wengi hawaimudu, mbali na kuvutia wezi.

Njia ya pili ni kulimaliza. Petroli iliyobaki ihamishiwe kwenye pikipiki ya ndugu au jirani inayotembea, ingali nzuri. Tangi la chuma likishakuwa tupu, oili kidogo ya injini imiminwe ndani na tangi liinamishwe pande zote ili kuta zipate utando wa kuzuia kutu. Kitu cha kuepuka ni njia ya katikati: tangi lenye petroli robo, lililosahauliwa msimu mzima.

Hatari ya moto na ya kunyonya petroli

Wengi huhamisha petroli kwa kunyonya mpira kwa mdomo. Tone likiteleza kuingia mapafuni linaweza kusababisha homa kali ya mapafu, hata kifo. Mtu aliyemeza petroli asilazimishwe kutapika, bali awahishwe kituo cha afya. Njia salama ni kuchomoa mpira unaotoka kwenye koki na kuacha mafuta yashuke yenyewe.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na unaweza kulifikia jiko la mkaa lililo mita kadhaa mbali. Mahali penye nyumba zilizobanana kama Dzaleka au Area 23, moto wa chumba kimoja hauishii hapo. Petroli haipaswi kuwekwa chumbani wanapolala watu, wala katika chupa ya maji au soda ambayo mtoto anaweza kuidhania kinywaji.

Siku ya kuiwasha tena

Petroli iliyokaa muda mrefu ikingwe kidogo kwenye chupa ya kioo na iachwe itulie. Petroli nzuri huonekana angavu na hukaa tabaka moja. Ikiwa imekuwa nyeusi, inanuka kama rangi ya mbao, au imejigawa matabaka mawili, isirudishwe kwenye tangi na isimwagwe ardhini karibu na kisima.

Ikiwa pikipiki haitawaka, kabureta ifunguliwe na fundi, na jeti zisafishwe kwa dawa na upepo wa pampu. Kuzichokonoa kwa waya wa chuma hupanua tundu, na pikipiki iliyopanuliwa tundu huendelea kunywa mafuta kupita kiasi. Katika nchi ambako lita moja husubiriwa foleni usiku kucha, hiyo ni hasara inayolipwa kila siku.

Mwenye pikipiki hana uwezo wa kupanga lini meli ya mafuta itatia nanga Dar es Salaam au Beira, wala lini ataruhusiwa kurudi barabarani. Kufunga koki na kulegeza skrubu moja, hata hivyo, kumo mikononi mwake.