Mkojo Hafifu: Tuuache Umri, Tuitazame Njia

Swali la mkojo unaotoka kwa kudondoka halikauki katika barua za wasomaji wanaume, na wengi wanaouliza wameshajipa jibu wenyewe: uzee, au baridi imeingia mwilini, au nguvu za kiume zimekwisha. Hili la tatu ndilo linalowashibisha wauza chupa za mizizi. Nguvu za kitandani hutegemea zaidi damu na mishipa yake. Mkojo hutegemea msuli wa kibofu na upana wa njia. Anayekuuzia chupa moja ya mizizi kwa yote mawili hajui hata moja. Kosa kama hilo si geni: ni pwani hii hii ya Unguja iliyolisingizia dafu kuwa linaleta busha miaka nenda miaka rudi, na huku mbu wanaosambaza minyoo ya matende inayolileta wakituuma usiku kucha.

Tezi dume imeuzunguka mrija wa mkojo pale unapoanzia kibofuni, na kufikia miaka 60 karibu nusu ya wanaume tezi yao imeshaanza kukua. Kukua huko si saratani. Kinachowapita wengi ni hesabu ya mrija wenyewe. Poiseuille, daktari wa Kifaransa wa karne ya 19, alionesha kwamba bomba likipungua upana kwa nusu, kwa msukumo ule ule, maji yanayopita hayabaki nusu. Inabaki sehemu moja ya 16. Mrija wa mkojo ni laini, si bomba la chuma, kwa hiyo hesabu haikai sawasawa, lakini inaonesha kwa nini kubana kidogo tu kunaleta taabu kubwa. Kibofu nacho hakikubali kushindwa. Msuli wake hunenepa, husukuma kwa nguvu zaidi, na kwa miaka mwenyewe haoni tofauti ila kuamka usiku mara mbili tatu. Kisha msuli huchoka. Mkojo unaobaki ndani huleta maambukizi na mawe, na msukumo ukirudi nyuma huharibu figo. Mkojo hafifu basi ni habari iliyochelewa kufika. Tena ukubwa wa tezi hausemi yote: ndani yake na kwenye shingo ya kibofu mna misuli inayoweza kukaza hata tezi ikiwa ndogo. Ndiyo maana mzee mwenye mafua akimeza dawa ya kuzibua pua anaweza kuamka hana hata tone, kwa kuwa dawa hizo hukaza misuli hiyo hiyo. Piriton nayo hukilegeza kibofu kisisukume.

Mtu ataniambia: mbona fulani alikunywa mizizi akapona? Dalili za tezi hupanda na kushuka zenyewe, na katika majaribio ya dawa hata waliopewa vidonge vitupu wengi husema wamepata nafuu. Hoja nzito zaidi ni kwamba mti wenye dawa upo kweli: Prunus africana, wa misitu ya milimani Kenya, Uganda na Tanzania Bara, ambao gome lake limeuzwa Ulaya kwa miongo mingi. Mapitio ya mwaka 2002 yalikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562, yakaona nafuu ya wastani. Lakini mengi yalikuwa mafupi na madogo. Tena gome lililojaribiwa lilikuwa limepimwa kipimo. Chupa isiyo na lebo haina cha kudai hapo.

Na si kila mkojo hafifu ni tezi. Kijana wa miaka 30 afikirie kwanza kisonono alichokitibu nusu nusu: kovu lake huziba mrija miaka baadaye. Kwa Unguja lazima tutaje kichocho. Kijiji cha Matemwe kimekaa juu ya mawe yasiyoshika maji, lakini mabondeni kama Kinyasini konokono wanaoeneza kichocho wapo. Kampeni ya kukitokomeza Unguja na Pemba, iliyoendelea hadi 2017, ilikipunguza sana. Ila dawa huua minyoo, haifuti makovu ambayo mayai yameyaacha kibofuni kwa waliokulia mabondeni zamani.

La kufanya ni jepesi. Chukua jagi lenye alama, washa saa ya simu, ukojoe kibofu kikiwa kimejaa. Mililita 300 kwa sekunde 20 si haba. Mililita 200 kwa sekunde 40 ni hafifu, peleka hesabu hiyo hospitali ya Kivunge au Mnazi Mmoja. Usijinyime maji mchana kutwa juani; punguza chai ya usiku. Dawa ya tamsulosin hulegeza misuli ndani ya siku chache, ya finasteride hupunguza tezi baada ya miezi, na daktari ndiye wa kuchagua. Kipimo cha tezi kwa kidole cha daktari hakimalizi nusu dakika wala hakimvunjii mtu heshima. Damu kwenye mkojo haingoji. Na ambaye mkojo umefunga kabisa, tumbo la chini limejaa na linauma, asisubiri gari ya asubuhi wala asiongezewe maji ya kunywa ili mkojo usukumwe utoke: anahitaji kuwekewa mpira wa kutoa mkojo usiku huo huo.