Nani aliyekufungia kifurushi hicho?

Na Mwandishi Wetu, London

Mei 2015, redio binafsi za Bujumbura ziliposhambuliwa na kufungwa, baadhi yetu tuliondoka na begi moja na flashi mfukoni. Ya kwangu ilikuwa na kurasa za habari nilizozihifadhi kutoka mtandaoni, kazi ya miaka kadhaa. Ndani yake yalikuwamo pia majina ya watu waliotueleza mambo kwa kutuamini.

Nilipoketi hapa Uingereza kuzipanga, nilikuta vurugu tupu. Kurasa zile zilipita mikono mingi: alama ya kufungua aya ipo, ya kuifunga haipo, tarehe hapa iko juu, pale iko chini. Majina ya Kifaransa yenye herufi é yalisomeka Ã©, kwa kuwa kompyuta iliyasoma kwa mfumo wa herufi usio wake.

Kijana mmoja wa kwetu anayesomea kompyuta akanitajia Beautiful Soup, maktaba ya programu katika lugha ya Python, iliyoanzishwa na Leonard Richardson mwaka 2004. Maktaba ya programu ni kazi iliyokwisha kuandikwa, ambayo mwingine huitumia ndani ya programu yake badala ya kuanza upya. Hii haikatai ukurasa kwa sababu umevurugika. Hukisia mfumo wa herufi, huziba alama zilizokosekana, kisha huupanga ukurasa kama mti: kichwa cha habari, aya na viungo, kila kimoja kwenye tawi lake.

Nikataka kuiweka siku hiyohiyo. Kijana akanizuia.

"Mzee, jina kwanza. Lisome herufi kwa herufi."

Kumbe maktaba hiyo moja ina majina kadhaa. Kwenye PyPI, ghala la wanaotumia Python, ni beautifulsoup4. Ndani ya programu huitwa bs4. Kwenye Debian ni python3-bs4. Mwenyewe amelishikilia jina bs4 huko PyPI kwa kifurushi kitupu, wengine wasije wakalinyakua.

Huko Debian, mfumo ulioanzishwa mwaka 1993, wafungashaji ni watu wa kujitolea. Huchukua msimbo wa mwandishi, hukagua leseni, huorodhesha maktaba nyingine zinazohitajika, kisha hujenga kifurushi. Orodha ya vifurushi hutiwa sahihi ya kidijitali, ili kompyuta yako igundue kama kimoja kimebadilishwa njiani.

Ndugu msomaji, usidhani hayo ni mambo ya mafundi peke yao. Tarehe 29 Machi 2024, mhandisi Andres Freund alitangaza kuwa amegundua mlango wa siri ndani ya xz, maktaba ya kubana mafaili, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Kilichomshtua ni kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kuchelewa kwa takriban nusu sekunde. Aliyejiita Jia Tan alikuwa amesaidia kazi hiyo kwa muda mrefu hadi akaaminiwa. Na kipande kilichoiwasha hila hakikuwamo kwenye msimbo uliokuwa wazi kwa wote. Kilitiwa ndani ya kifurushi cha kusambaza. Matoleo hayo yalikwisha kuingia Debian ya majaribio, ingawa hayakufika ile iliyo imara.

Kwa hiyo hata sahihi haitoshi. Sahihi inathibitisha kuwa mzigo haukuguswa njiani. Haithibitishi moyo wa aliyeufunga. Kinachobaki ni macho ya wengi, na wafungashaji wengi hufanya kazi hiyo peke yao, usiku, bila malipo.

Nami nilifanya niliyoweza. Nilinakili flashi, nikaiweka ile ya asili kando. Nikachukua python3-bs4 kutoka Debian imara, nikaifanyia kazi kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti. Kurasa zikanyooka, na é ikarudi mahali pake. Majina ya walioniamini hayakutoka chumbani humo.