Kumpangia Kijana Nyumba Dar es Salaam: Mambo ya Kukagua Kabla ya Mkopo Kutoka

Miongoni mwa maombi yanayofika mbele ya Kamati za Mikopo za vyama vya akiba na mikopo, yamo ya wanachama wanaotaka kuwapangia nyumba watoto wao mjini. Kijana amepata kazi au nafasi ya chuo Dar es Salaam. Mzazi ni mkulima mwenye hisa na akiba katika chama. Wadhamini wanatia sahihi, na fedha zinatoka. Lakini katika nafasi ya madhumuni ya mkopo aghalabu huandikwa maneno matatu tu: "Kodi ya nyumba." Maneno hayo hayaelezi nyumba iko wapi, ni ya nani, kodi ni ya miezi mingapi, wala fedha zitapokewa na nani.

Fedha hizo zikipotea mjini, deni halipotei pamoja nazo. Linabaki katika daftari la chama, na mwanachama akishindwa kulilipa, wadhamini ndio watakaobeba mzigo huo. Kwa sababu hiyo yafaa Makatibu na wanachama waelewe jinsi nyumba za kupanga zinavyopatikana katika jiji hilo, gharama zake halisi, na mambo ambayo hapana budi yakaguliwe kabla ya fedha kutoka.

Wenye nyumba ni akina nani

Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani kuanzia shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 majumba hayo yakaunganishwa na yale ya Shirika. Nyumba za Shirika zipo hadi leo, hasa katika maeneo ya Upanga, Kariakoo na Ilala, lakini ni chache mno zikilinganishwa na wahitaji. Wapangaji walio wengi wanaishi katika nyumba za watu binafsi.

Nyumba iliyozoeleka katika mitaa ya zamani, kama vile Magomeni, Ilala na Temeke, ni ile iitwayo nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi mrefu katikati, na uani nyuma kwenye choo, bafu na mahali pa kupikia. Kila chumba huweza kuwa na mpangaji wake, na uani ni wa wote. Ziko pia nyumba zenye chumba na sebule, vyumba vyenye choo na bafu ndani, na fleti katika majengo ya ghorofa. Kadiri mpangaji anavyopunguza kushirikiana na wengine choo, maji na mita ya umeme, ndivyo kodi inavyopanda.

Kwa nini kodi hudaiwa kwa mkupuo

Mwanachama aliyezoea kulipa mwezi kwa mwezi katika mji mdogo hushangaa kuambiwa kuwa Dar es Salaam atatoa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kabla ya kupewa ufunguo. Desturi hiyo ina sababu zake. Wenye nyumba wengi hujenga pole pole kwa fedha zao wenyewe bila mkopo wa benki, na kodi ya mkupuo ndiyo inayonunua mabati ya chumba kinachofuata. Kwa maneno mengine, mpangaji anamkopesha mwenye nyumba bila riba.

Zamani kodi za nyumba zilidhibitiwa na sheria. Ya mwisho ilikuwa Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiwango cha kodi na namna ya kuilipa ni mambo ya makubaliano kati ya pande mbili, na mahusiano yao yanaongozwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 pamoja na mkataba wao. Kwa hiyo mpangaji asitegemee kwamba ipo ofisi itakayompunguzia kodi aliyokwisha kuikubali. Kinga yake iko katika makubaliano yenyewe, na makubaliano hufanywa kabla ya kulipa.

Hesabu ya siku ya kwanza

Kosa la kwanza katika maombi ya mikopo ni kuhesabu kodi peke yake. Mfano ufuatao ni wa kuonyesha njia ya kukokotoa, wala si bei ya mtaa wowote. Ikiwa kodi ni shilingi 120,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anadai miezi sita, hesabu huwa hivi:

Kodi ya miezi sita: Sh. 720,000
Malipo ya dalali, kodi ya mwezi mmoja: Sh. 120,000
Ada ya kuonyeshwa nyumba: Sh. 20,000
Gari la mizigo na kufuli: Sh. 60,000
Jumla: Sh. 920,000

Kosa la pili ni kusahau kwamba miezi sita huisha. Mkopo wa shilingi 920,000 ukirejeshwa kwa miezi 12, rejesho ni karibu shilingi 77,000 kila mwezi kabla ya riba. Wakati huo huo kijana anapaswa kuweka akiba ya shilingi 120,000 kila mwezi ili mwezi wa saba usimkute mikono mitupu. Hizo ni shilingi 197,000 kwa mwezi, mbali na chakula na nauli. Kamati ya Mikopo inapaswa kuuliza mshahara wa kijana ni kiasi gani na nani atalipa nini. Pasipo swali hilo, mzazi hurudi chamani kabla ya nusu mwaka kuomba mkopo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Kosa la tatu ni kuitazama kodi bila kuitazama nauli. Nyumba za pembezoni, kama Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara kwa ndani, huwa na kodi nafuu. Lakini kijana anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, akitumia shilingi 3,000 kwa siku, hutumia shilingi 78,000 katika siku 26 za kazi. Chumba cha shilingi 90,000 kilicho mbali humgharimu shilingi 168,000 kwa mwezi. Chumba cha shilingi 150,000 kilicho karibu na kazi yake, ambako anakwenda kwa miguu, kinakuwa rahisi zaidi.

Dalali na mpaka wa kazi yake

Nyumba nyingi hupatikana kwa njia ya dalali. Huyu ni mtu anayejua vyumba vilivyo wazi katika mtaa wake, na ujira wake kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja, inayotolewa na mpangaji. Wapo madalali waaminifu, nao humpunguzia mgeni mizunguko mingi. Hata hivyo kazi ya dalali ni kukutanisha. Yeye si mwenye nyumba. Kodi isipitie mkononi mwake hata kidogo, na ujira wake alipwe baada ya mkataba kutiwa sahihi, si kabla.

Dalali anayeharakisha mambo kwa kusema wapo watu wengine watatu wanaokuja jioni na fedha taslimu, ajibiwe kwa upole kwamba wapewe hao. Chumba kikikosekana leo kitapatikana kingine, lakini fedha ya mkopo haipatikani mara mbili.

Kumtambua mwenye nyumba

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Mpangaji anayehama huweza kujifanya mwenye nyumba, akapokea kodi ya watu wawili au watatu kwa chumba kimoja, kisha akatoweka. Ndugu mmoja huweza kupangisha nyumba ya marehemu baba yao ilhali wenzake hawajakubali. Katika hali zote mbili mpangaji amelipa, lakini hana nyumba.

Njia ya kujikinga si ngumu. Kwanza, anayejiita mwenye nyumba aonyeshe uthibitisho: hati miliki, leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na Serikali ya Mtaa, pamoja na kitambulisho chenye jina hilo hilo. Pili, ikiwa nyumba ni ya marehemu, anayestahili kupangisha ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye awe na barua ya uteuzi wake. Tatu, ikiwa mwenye nyumba yuko mbali, mwakilishi wake awe na idhini ya maandishi, na mwenye nyumba azungumze mwenyewe kwa simu. Nne, kijana afike ofisi ya Serikali ya Mtaa kuuliza nyumba hiyo ni ya nani. Atapaswa kufika huko kujiandikisha kwa vyovyote vile. Afadhali afike kabla ya kulipa. Mwisho, awaulize wapangaji waliomo, kwa kuwa wao wanamjua anayepokea kodi yao.

Kuikagua nyumba

Nyumba ikaguliwe mchana, na ikiwezekana itazamwe tena usiku au siku ya mvua. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu wengi katika Bonde la Mto Msimbazi, na maeneo ya bondeni kama Jangwani hujaa maji mara kwa mara. Alama ya maji ukutani husema ukweli ambao mwenye nyumba hatausema. Vivyo hivyo nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara huweza kuondolewa: mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda nje ya jiji, zilibomolewa ili kupisha upanuzi wa barabara. Alama ya X nyekundu ukutani si ya kupuuzwa.

Kuhusu umeme, iulizwe kama mita ya LUKU ni ya chumba kimoja au ya nyumba nzima, na wapangaji wanagawanaje gharama. Ieleweke pia kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa wakati wa kununua umeme. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Kwa hiyo mpangaji anayenunua umeme akubaliane mapema jinsi atakavyorudishiwa. Kuhusu maji, iulizwe kama ni ya bomba la DAWASA au ya kisima, kama yana chumvi, na hutoka siku ngapi kwa juma. Anayenunua maji kwa madumu kila siku analipa kodi ya pili bila kujua.

Mkataba na stakabadhi

Sheria ya Ardhi inatambua upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja hata kama ni wa mdomo. Lakini mapatano ya mdomo ni magumu kuthibitishwa pale mmoja anapoyakana. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, nakala mbili, na utaje majina kamili ya pande zote, mahali nyumba ilipo, kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na ya kuisha, muda wa notisi, nani anafanya matengenezo, na masharti ya kuongeza kodi. Utaje pia kodi ya miezi iliyobaki itarudishwaje endapo mwenye nyumba atamwondoa mpangaji kabla ya wakati. Wawepo mashahidi, na nakala moja iachwe kwa mpangaji.

Malipo yafanywe benki au kwa simu, kwa akaunti yenye jina lile lile lililo katika mkataba. Akaunti ikiwa na jina la mtu mwingine, malipo yasimame mpaka sababu ijulikane. Stakabadhi itolewe hata kama fedha zimepita benki. Ukitokea mgogoro, Baraza la Kata huweza kusuluhisha, na Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya yaliwekwa na sheria ya mwaka 2002 kuamua mashauri ya namna hiyo. Mbele ya baraza, mwenye karatasi ndiye anayeanza na nguvu.

Chama kinapopanga chenyewe

Vipo vyama vinavyopanga chumba au ofisi mjini kwa ajili ya mtumishi anayefuatilia mauzo ya mazao. Hapo masharti yote yaliyotajwa yanabaki, na yanaongezeka mawili. Kwanza, pawe na azimio la Bodi katika muhtasari wa mkutano, likitaja kiasi na muda, na mkataba uwe kwa jina la chama, si kwa jina la Katibu au Meneja. Pili, chama kinapolipa kodi ya jengo la shughuli zake kinapaswa kuzuia asilimia 10 ya kodi hiyo na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Jambo hili lielezwe kwa mwenye nyumba wakati wa kupatana bei, maana asiyeelezwa hudhani amepunjwa, na chama kisichozuia hujikuta kikidaiwa fedha hiyo chenyewe.

Wajibu wa Katibu

Katibu hawezi kwenda Dar es Salaam kumkagulia kila mwanachama nyumba, wala hatakiwi kufanya hivyo. Anachoweza kufanya ni kudai kwamba ombi la mkopo wa kodi ya nyumba liambatane na karatasi tatu: rasimu ya mkataba yenye jina la mwenye nyumba, barua au uthibitisho wa Serikali ya Mtaa, na hesabu kamili ya gharama pamoja na mpango wa kulipa kipindi kinachofuata. Inapowezekana, chama kilipe moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye nyumba, na nakala ya hati ya malipo iwekwe katika jalada la mkopo.

Mwanachama anaweza kulalamika kwamba chama kinamchelewesha. Aelezwe kwamba siku tatu za kuthibitisha ni chache kuliko miezi kumi na miwili ya kulipia chumba ambacho mwanawe hakukilalia hata usiku mmoja. Wadhamini nao wanayo haki ya kuziona karatasi hizo kabla ya kutia sahihi zao, na Katibu awaonyeshe bila kungoja kuombwa.