Orodha ya Kazi Ndani ya Simu Yako

Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kusimama katikati ya jiko, mwiko mkononi, akijiuliza, "Hivi nilikuwa nataka kufanya nini?" Kichwani mna ada ya shule, zamu ya usiku, mchango wa msiba, mazoezi ya kwaya, umeme unaokaribia kwisha na mboga ya jioni. Vyote tunavibeba kichwani kama ndoo ya maji isiyo na kata. Basi lazima yatamwagika.

Siku nne bila dawa

Kwetu yalimwagika mwaka 2022. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anatumia dawa za shinikizo la damu kila siku, na kuzichukua ilikuwa kazi yetu. Wiki ile tulikuwa na zamu za usiku mfululizo na semina ya wanawake kanisani. Alfajiri moja tulirudi tukamkuta ameketi kitandani, ameshika kichwa. Tulipompima, kipimo kilisoma 210 kwa 120. Dawa zilikuwa zimekwisha tangu siku nne.

Tulimkimbiza hospitali, na kwa neema ya Mungu hakupata kiharusi. Tulipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Mwanangu, niliona ulivyochoka. Sikutaka kukuongezea mzigo."

Maneno hayo yalituchoma kuliko kama angetugombeza. Tena sisi kazi yetu ni uuguzi! Kila siku tunawafundisha wagonjwa wasikatishe dawa. Hatukukosa ujuzi wala upendo. Tulikosa mahali pa kuandika.

Fundisho kutoka chumba cha upasuaji

Je, ni wazembe tu ndio wanaohitaji orodha? La hasha. Mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kabla na baada ya upasuaji. Jaribio lilifanyika katika hospitali nane za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa Ifakara hapa Tanzania. Mambo yenyewe ni ya kawaida: jina la mgonjwa, mahali pa kupasua, kuhesabu vifaa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha vifo vimepungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madaktari na wauguzi wale walijua kazi yao tangu zamani. Orodha iliwasaidia wasisahau wanalolijua. Ikiwa daktari bingwa anahitaji orodha, mama mwenye watoto wanne je?

Jinsi ya kuanza

Daftari ni zuri, lakini halipigi kengele. Siku hizi simu za kisasa zina programu za orodha zisizolipiwa, kama vile Google Tasks na Microsoft To Do. Hii ya pili ndiyo tunayoitumia. Mwombe kijana wa nyumbani akuwekee, kisha fuata hatua hizi:

1. Toa kila kitu kichwani. Kaa nusu saa, uandike yote bila kuchagua, makubwa kwa madogo.

2. Gawa katika orodha chache. Sisi tuna nne: Nyumbani, Kazini, Kanisani na Afya.

3. Andika tendo. Usiandike "shule". Andika "Nunua madaftari manne ya darasa la tano". Ukisoma ujue mara moja mkono ufanye nini.

4. Yanayojirudia yape tarehe ya kujirudia. Dawa za bibi sasa zinatukumbusha siku tano kabla hazijaisha. Mwenye mtoto mchanga aandike tarehe zote za chanjo mara moja: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18, kama ilivyo kwenye kadi yake ya kliniki.

5. Kila asubuhi chagua mambo matano tu. Programu hii ina ukurasa wa siku ya leo, ambao huanza ukiwa mtupu kila kukicha. Baada ya sala, jaza matano ya lazima. Mengine yasubiri.

Baba naye asaidie

Katika kitabu cha Kutoka sura ya 18, Yethro alimwona Musa akihukumu watu peke yake tangu asubuhi hadi jioni. Alimshauri achague wasaidizi, la sivyo angechakaa. Ushauri huo ulitoka kwa mkwe!

Orodha ya simu unaweza kuishiriki na mtu mwingine. Tulimshirikisha baba watoto orodha ya Afya na ya Nyumbani. Mwanzoni alicheka, akasema sasa anatumwa na simu. Lakini alipoona kwa macho yake yalivyo mengi, alinyamaza. Mwezi uliofuata alirudi jioni na mfuko wa dawa za mama yake kabla hatujamwambia neno.

Tahadhari

Usiandike majina ya wagonjwa wala siri za watu waliokuja kuombewa, simu huibiwa. Namba ya siri ya benki nayo isikae humo. Simu huzima pia, kwa hiyo majina ya dawa na namba za simu za dharura yabaki kwenye karatasi ukutani. Tena, simu ikishafunguliwa kwa ajili ya orodha, ifungwe. Wengi wetu huingia kuangalia kazi na kutoka saa nzima baadaye tukiwa tumesoma umbea.

Mwisho, orodha isiwe bwana wako. Martha alikuwa na kazi za kweli, lakini Yesu alikuwa amekaa sebuleni. Zipo jioni ambazo mambo mawili kati ya matano hubaki. Tunayasogeza kesho, tunaweka simu chini, na kumsikiliza bibi akiwasimulia wajukuu hadithi. Ndiyo sababu hasa ya kuandika: ili kichwa kipate nafasi kwa ajili ya watu tuliopewa na Mungu.

Mama mpendwa, je, leo nyumbani mwako ni nani anayenyamaza kwa sababu ameona umechoka? Anza orodha yako kwa jina lake.