Ya Macho na Miguu: Walijuaje Kwamba Dawa Hii Inashinda Ile?



Katika toleo hili tunazungumzia macho na miguu. Mtu atauliza, macho na miguu vinakutana wapi? Vinakutana shambani. Tunaingia kulima peku, funza na udongo vinatupata chini, na majani ya mahindi yanatuchoma huku juu usoni. Halafu jioni kila mtu anajitibu nyumbani kwa dawa anayoijua yeye.

Jirani yetu mmoja alikuwa anapura maharagwe, ganda likamrukia jicho la kulia. Siku ya tatu alikuja bombani kuchota maji, jicho jekundu, machozi yanatiririka, jua hawezi kuliangalia. Hapo mabishano yakaanza. Mama mmoja akasema, "Dada, kamulia maji ya majani, mimi yaliniponya kule kwetu Masisi." Mwingine akasema hapana, maziwa ya mama anayenyonyesha ndiyo dawa. Kijana mmoja akasema mambo ya zamani hayo, aende duka la dawa anunue matone. Kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyepona. Mzee mmoja aliyekuwa amekalia jeri kani yake akauliza: "Sasa kama zote zinaponya, tutajuaje ipi inashinda?"

Swali la mzee ni zuri kuliko majibu yote yaliyotolewa pale. Mtu akikwaruzwa jicho kidogo tu, mara nyingi linapona lenyewe kwa siku mbili tatu. Ukiweka majani, majani yatapewa sifa. Ukiweka maziwa, maziwa yatasifiwa. Na yule ambaye jicho lake lilikufa haji bombani kutangaza dawa. Ndiyo maana wachunguzi wa dawa hawaamini habari ya mtu mmoja. Wanakusanya wagonjwa wengi wa ugonjwa uleule, wanapiga kura ya bahati, hawa wanapata dawa hii, wale wanapata ile. Kisha wanawafuatilia wote kwa muda uleule na kuhesabu. Kura ndiyo inayozuia upendeleo, ili wenye ugonjwa mwepesi wasijikute wote upande mmoja.

Tuanze na miguu, kwa sababu hapo mambo yanaonekana wazi.

Funza kila mtu anamjua. Wenyeji wetu wanamwita envunza, Wanyarwanda wanasema amavunja. Ni kiroboto jike anayejichimbia kwenye ngozi, hasa vidoleni na kisiginoni, anavimba kwa mayai mpaka anakuwa kama punje ya njegere. Nje anaacha tundu dogo tu, la kupumulia na la kutolea mayai. Sisi tunamtoa kwa pini au mwiba. Pini hiyohiyo inatoka kwa mtoto huyu inaingia kwa yule, na kidonda kinabaki wazi kwenye vumbi. Pepopunda inapita hapo, na magonjwa ya damu pia.

Huko Kenya, dawa iliyozoeleka kwa funza ilikuwa kulowesha miguu kwenye maji ya potasiamu pamanganeti, ule unga unaofanya maji kuwa ya zambarau. Wachunguzi walitaka kujua kama mafuta yanayoitwa dimetikoni yanafanya kazi vizuri zaidi. Mafuta haya hayana sumu. Ni mepesi sana, yanaingia kwenye lile tundu na kumziba funza pumzi. Basi walichukua watoto 47 wa shule wenye funza miguu yote miwili. Kwa kila mtoto walipiga kura: mguu mmoja upate dimetikoni, mwingine uloweshwe kwenye maji ya zambarau. Mtoto yuleyule, nyumba ileile, vumbi lilelile. Nani angesema huyu alipona kwa sababu kwao wana sakafu ya saruji? Mguu wa kushoto ulikuwa unashindana na wa kulia.

Baada ya siku 7 waliwakagua funza kwa darubini ndogo, kuona nani bado yuko hai. Upande wa dimetikoni, funza 78 kwa kila 100 walikuwa wamekufa au wanakufa. Upande wa maji ya zambarau, 39 kwa kila 100. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Baadaye dimetikoni ikatumika hapa Uganda pia, kwenye vijiji vya wilaya ya Napak, Karamoja, kuanzia mwaka 2021, pamoja na kuwashughulikia wanyama, kwa sababu nguruwe na mbwa nao wanabeba funza.

Kwa hiyo ukienda kituo cha afya na mtoto mwenye funza wengi, uliza kuhusu dimetikoni kwa jina lake. Lakini tafadhali, usisikie neno "mafuta" ukakimbilia mafuta ya taa au dawa ya kupulizia mende. Hivyo vinaunguza ngozi ya mtoto, na havikuwamo kabisa kwenye majaribio haya.

Kuna ugonjwa mwingine wa miguu uliotokea si mbali nasi. Mwaka 2015 watu wa wilaya ya Kamwenge, ambako pia kuna makazi ya wakimbizi ya Rwamwanja na wengi wetu tuna ndugu kule, walionekana na miguu iliyovimba kama ya tembo. Watu walidhani ni matende yanayoletwa na mbu. Wataalamu walipochunguza wakakuta ni ugonjwa unaoitwa podokoniosisi. Hauletwi na mbu wala uchawi. Unaletwa na udongo wa aina fulani wenye madini, unaopenya ngozi ya mguu mtupu kwa miaka mingi. Wakawalinganisha wagonjwa na majirani zao wasio wagonjwa. Tofauti ilikuwa kwenye viatu, na pia kwenye saa ya kunawa. Waliozoea kungoja mpaka jioni ndipo wanawe miguu walipatwa zaidi kuliko walionawa mara tu wanapotoka shambani. Jambo dogo hilo, lakini nani kati yetu angelifikiria?

Na waliokwisha kuvimba? Huko Ethiopia kaskazini walifanya jaribio kubwa la watu 696, likachapishwa mwaka 2018. Kundi moja lilianza matibabu mara moja: kuosha miguu, kupaka mafuta, kufunga bendeji, mazoezi, soksi na viatu. Kundi la pili liliahidiwa matibabu hayohayo baada ya mwaka mmoja. Ugonjwa huu una siku zake za homa na maumivu makali, mtu halimi wala hatembei. Waliotibiwa walipata mashambulizi kama 19 kwa mwaka, waliokuwa wakingoja kama 24. Unaweza kusema tofauti ni ndogo. Mimi nasema mara tano kwa mwaka mama kubaki kitandani au kuamka kwenda kuchota maji si kitu kidogo.

Tena Ethiopia hukohuko walijaribu jambo linalotugusa sisi watu wa foleni ya maji. Utaratibu wa kawaida ulitaka lita 6 za kulowesha miguu kila siku. Wakaulinganisha na lita 1 tu iliyotiwa gliserini kidogo, sehemu 2 kwa 100. Ngozi ya kundi la lita moja ilipata nafuu zaidi. Mwenye jeri kani moja kwa nyumba nzima anaelewa maana yake.

Sasa turudi kwenye jicho la jirani yetu.

Kwenye jicho huwezi kufanya kama kwenye miguu. Mtu ana macho mawili, ndiyo, lakini kidonda mara nyingi kiko kwenye moja. Na mguu ukikosea dawa unaweza kusubiri, jicho halisubiri. Sehemu inayoumia ni kioo cha jicho, ile ngozi angavu iliyofunika sehemu nyeusi. Jani au ganda likikwaruza kioo, vijidudu vinaingia. Doa jeupe likitokea juu ya sehemu nyeusi, hicho tayari ni kidonda.

Uchunguzi wa hapa karibu kabisa ulifanyika Mbarara, katika kituo cha macho cha Ruharo na hospitali ya rufaa, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2018. Wagonjwa 313 wenye vidonda vya namna hii walifuatiliwa. Nusu yao walifika baada ya siku 17 au zaidi tangu jicho lianze kuuma. Sita kwa kila kumi walikuwa wameshaweka dawa za kienyeji. Siku ya kufika, karibu nusu walikuwa hawaoni tena kwa jicho lile. Baada ya miezi mitatu, 30 kwa kila 100 jicho hilo lilikuwa pofu, na 9 kwa kila 100 walikuwa wamepoteza jicho lenyewe.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Katika vidonda 270 vilivyopimwa maabara, 62 kwa kila 100 vilikuwa vya fangasi, yaani ukungu, aina ileile ya viumbe vinavyoozesha majani na mabua. Ile dawa ya mafuta ya tetrasaiklini tunayoijua inapigana na bakteria, fangasi haiwagusi. Na majani ya kukamulia yanaweza kuleta fangasi wengine humohumo jichoni.

Tuwe wakweli lakini. Uchunguzi huu haukupiga kura kuwapa wengine majani na wengine yasiwe, na wala haingefaa kufanya hivyo. Waliotumia majani walifika hali ikiwa mbaya zaidi, ila na kuchelewa kwenyewe kuna sehemu yake. Na watu hawachelewi kwa kupenda. Nauli ya Mbarara kwa mtu anayengoja mgao wa chakula si mchezo.

Dawa ya fangasi wa jicho inayotumika ni natamaisini, na si rahisi kupatikana. Huko India waliilinganisha na dawa mpya iitwayo vorikonazoli. Matokeo yalitoka mwaka 2013: ile ya zamani ilishinda ile mpya. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likaiingiza natamaisini kwenye orodha ya dawa muhimu. Kisha wakajiuliza, je, klorheksidini, ambayo ni rahisi kutengeneza na bei yake ni ya chini, haiwezi kusaidia pale natamaisini haipo? Wagonjwa 354 huko Nepal walipigiwa kura kati ya hizo mbili. Matokeo yakachapishwa mwaka 2022, natamaisini ikashinda tena. Tungependa ya bei ndogo ishinde, lakini kuhesabu hakuangalii mfuko wa mtu.

Hapa kuna onyo kwa mama wazazi. Klorheksidini ya jeli ya kupaka kitovu cha mtoto mchanga SI dawa ya macho. Ni kali mara nyingi kuliko ile ya majaribio. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari, kwa sababu katika nchi kadhaa za Afrika watu waliipaka machoni kwa makosa na macho yakaharibika vibaya. Tube ya kitovu na tube ya macho zisikae mfuko mmoja.

Onyo la pili ni kuhusu matone ya duka la dawa. Soma kwenye boksi. Ukikuta jina kama deksamethasone au prednisolone, hiyo ni steroidi. Inaondoa wekundu haraka, unafurahi, kumbe fangasi ndani wanapata nafasi. Bila daktari kuliona jicho, iache.

Jicho likikwaruzwa, lisafishe kwa maji safi tu, usilisugue, usiweke chochote kingine, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo au kesho yake. Ukipewa dawa na baada ya siku mbili maumivu hayapungui, au ukiona doa jeupe, rudi. Usione aibu kusema: "Daktari, lilichomwa na jani, naomba barua ya Mbarara." Neno "jani" litaje, maana linamkumbusha mganga kufikiria fangasi. Na kama ulishaweka majani, sema pia. Hakuna atakayekufunga.

Jirani yetu alikwenda siku ya nne, akapewa barua, akapanda boda na kisha taksi mpaka Mbarara kwa pesa tulizochanga pale bombani. Mama wa Masisi ndiye aliyetoa nyingi. Alitia matone kila saa, mchana na usiku, wiki ya kwanza. Kovu dogo limebaki. Juzi nilisimama mlangoni kwake nikamwonyesha vidole, akafunga jicho zima kwa kiganja, akaangalia kwa lile la kulia. "Vitatu," akasema. Vilikuwa vitatu.