Kupatia 11 Kati ya 13 Si Kukaribia

Swali hili huja kila jakipoti ya mechi 13 inapopita, na siku hizi linatoka hata kwa wanafunzi: "Mwalimu, mkeka wangu umechanwa na mechi mbili tu. Nifanyeje nizipate na hizo?" Muulizaji hana haja ya kujua kama alikaribia, hilo ameshajiamulia. Anataka aonyeshwe kipande cha njia kilichobaki. Hakuna kipande. Hukukaribia.

Kila mechi ina matokeo matatu: mwenyeji ashinde, mgeni ashinde, au sare. Kwa mechi 13 unazidisha 3 kwa 3 mpaka ziishe, unapata mikeka 1,594,323 tofauti, na mmoja tu ndio unaobeba jakipoti. Sasa hesabu iliyopatia 11. Mechi mbili za kukosea zinachagulika kwa namna 78 (13 mara 12, gawanya kwa 2), na kila moja ina majibu mawili ya kukosea. Mara 4, ni 312. Yaani kwa kila mkeka mshindi kuna mikeka 312 ya "nimekosa mbili tu". Iliyokosa moja ni 26. Iliyokosa tatu ni 2,288, na wenyewe nao wanajiona wamo. Iliyo mingi kuliko yote, 366,080, hupatia mechi 4, lakini mwenye 4 hajawahi kuniuliza lolote.

Najua utakachonijibu: mimi sibahatishi, mpira naujua. Sawa, tukupe sifa hiyo. Tuseme unapatia mechi 6 katika kila 10, na huo ni ujuzi kwelikweli. Bado 13 zote utazipata mara moja katika mikeka kama 766, wakati 11 utaziona mara moja katika kila mikeka 22 hivi. Ukicheza sana, 11 lazima zikutembelee. Haziji kukupa taarifa kwamba 13 ziko nyuma yake, maana mkeka ujao una mechi nyingine kabisa na unaanza sifuri kama wa jirani yako aliyepatia 4.

Kosa lenyewe, la kuchukulia ulichokwisha kupatia kuwa ni kipande cha njia, ni la kale. Mwaka 1494 mtawa wa Italia, Luca Pacioli, aliandika jinsi ya kugawana dau mchezo ukivunjika katikati: kila mtu achukue kwa uwiano wa raundi alizokwisha kushinda. Inasikika kama haki. Lakini mchezo ukivunjika baada ya raundi moja tu, aliyeshinda hiyo moja anabeba dau lote! Mwanahisabati Tartaglia alilishika kosa hilo mwaka 1556, na ufumbuzi ukapatikana mwaka 1654 katika barua za wanahisabati Pascal na Fermat: achana na raundi zilizopita, hesabu namna ambazo zilizobaki zinaweza kumalizika. Mechi zako 11 ni raundi zilizopita. Zilizobaki, filimbi ikishapulizwa, hakuna.

Haya, hizo njia zenu. Kuweka chaguo mbili kwa kila mechi: ni mikeka 8,192, ambayo kwa shilingi 1,000 mmoja inakula 8,192,000, na kwa anayebahatisha inanasa ushindi mara moja katika kama 195. Kununua "mkeka wa uhakika" Telegram kwa jamaa aliyepatia sita mfululizo: mwenye wafuasi 729 huwagawa mafungu matatu, akalitabiria kila fungu tokeo lake, akawaacha aliowakosesha na kuwagawa tena waliobaki; baada ya mechi sita lazima abaki mtu mmoja aliyeona utabiri sahihi mara sita. Labda ndiye wewe. Kurudia chaguo zilezile kila wiki au kubadili laini ya simu: hakuongezi kitu. Ukitaka kujipima, andika utabiri daftarini kabla ya mechi, bila kuweka hela, msimu mzima, kisha gawanya ulizopatia kwa zote.

Na mwanafunzi anayetaka zoezi: mikeka inayokosa mechi zote 13 ni mingapi? Ni 8,192 vilevile. Kwa nini namba ile imejirudia, nisiulizwe mimi.